Tik ya Kwanza

Taa ya injini imewaka tangu Shaabani, asema Bi Rayya,
rangi yake ya manjano, kama kiini cha yai
kilichokataa kuiva.
Gereji mbili za Muscat zimemuuzia vifuniko vya tangi,
vitatu, anavyo mkobani. Anavimwaga mezani,
vinagongana kama kete.

Nampa kiti karibu na feni. Hapa sanaiya ya Ibra
saa nne ya asubuhi bati limeshaanza kulia,
na petroli haingoji moto ili iondoke:
hupanda yenyewe, hujinyoosha, hutafuta mwanya.
Ndiyo maana gari lina pafu la pembeni,
mkebe mweusi uliojaa chembe za mkaa,
kazi yake kuudaka mvuke, kuukalisha chini
mpaka injini iamke iumeze.

Naanza na vali. Naing'oa, naipuliza kwa mdomo:
imefunga. Naipa umeme wa betri:
tik. Imefunguka. Haina kosa.
Ya pili, ya kuingizia hewa, imekula vumbi la Sharqiya,
laini kuliko unga wa muhogo.
Naipangusa, nayo inaitika.
Kisha mipira: napapasa kiungo baada ya kiungo
kama daktari wa watoto
asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Sasa moshi. Anawasha mashine Sajeev,
aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kuanzia matusi.
Tunausukuma moshi mweupe ndani ya mishipa yote,
nami nimelala chini na tochi,
nangoja tundu linisalimie.
Dakika tano. Kumi.
Jasho laniingia sikioni.
Hautoki hata uzi.
"Gari zima, bosi," Sajeev anacheka. "Taa ndiyo mwongo."

Taa haisemi uongo, ila haina maneno mengi.
Basi namuuliza mwenye gari:
linakohoa lini?
"Nikitoka kituoni tu. Nikishajaza.
Hatua mia, linashtuka kama mtu aliyepaliwa."
Na unajazaje?
Ananitazama kana kwamba nimemuuliza anavyoswali.
"Hadi juu. Bomba likikata, namwambia kijana aongeze.
Likikata tena, aongeze tena,
mpaka niyaone mafuta yanameta shingoni."

Mwaka ule walikuwa wanarudi kutoka Salalah,
yeye na marehemu Mudrik.
Haima bado kilomita sitini, sindano imelala,
usiku, na mtoto ana homa.
Lori la maji liliwakuta alfajiri.
Mtoto alipona; yuko Sohar, ana watoto wake,
anaendesha gari huku taa ya mafuta inawaka, hajali.
"Langu mimi," asema, "halijashuka robo tatu tangu siku ile."

Nafungua boliti nne, nauteremsha mkebe.
Mkaa mkavu ni mwepesi, unaubeba kwa vidole viwili.
Huu unanivuta mkono.
Nautikisa karibu na sikio lake, asikie mwenyewe:
chubwi, chubwi.
Petroli imekalia kiti cha mvuke.

Tumesaka tundu tangu asubuhi,
kumbe ugonjwa ni shibe.

Mkebe mpya riali themanini na tano, namwambia.
Wa gari la ajali thelathini, lakini sikushauri.
Dawa nyingine haina bei:
tik ya kwanza ikilia, mwache kijana atoe bomba.
Juu kule paachie pumzi.

Bi Rayya anahesabu noti, anakosea, anaanza upya.
Kisha auliza, sauti ameishusha
kama anayeulizia jambo la aibu:
"Kutoka hapa mpaka Haima,
kwa hiyo tik moja,
nitafika?"

Nachukua boksi la filta, nachora hesabu ubavuni,
lita, kilomita, kiyoyozi kikiwa wazi, mlima wa Adam pia nimeutia
ingawa si mlima wa kutisha.
Utafika. Na yatabaki.

Analiomba lile boksi.
Nampa.